Kuchagua Nyumba ya Wageni Penye Maji ya Moto



Mara nyingi msafiri huchagua mahali pa kulala kwa kutazama bei tu, na akiondoka asubuhi amekwisha kupasahau. Lakini ziko nyumba ambazo mtu hazifikii kwa kuwa yu njiani kwenda kwingine. Hufunga safari kwa ajili ya nyumba yenyewe. Namna hiyo ndizo nyumba za wageni za Kijapani ziitwazo ryokan, zilizojengwa penye chemchemi za maji ya moto. Twapenda kuwaeleza wenzetu jinsi tulivyochagua moja kwa kukaa siku mbili, pamoja na kosa tulilolitenda katika kuchagua, maana twaona kosa lile lilitufundisha kupita safari yote.

Tulikuwa Japani kwa mafunzo ya walimu wa hesabu, sisi pamoja na mwalimu mkuu mmoja, Mmakonde, mtu wa rika la baba yetu, ambaye alibakiwa na miaka michache tu kabla ya kustaafu. Mafunzo yalipokwisha tulibakiwa na siku tatu kabla ya kupanda ndege, na fedha kidogo tulizokuwa tumeweka akiba katika posho zetu. Tukasema, haifai kurudi nyumbani bila kuoga maji ambayo Wajapani wenyewe huyasifu sana. Mzee wetu akatuachia sisi kazi ya kuchagua.

Kwanza tuliuliza habari za maji. Kwa sheria ya Japani ya mwaka 1948, maji yatokayo ardhini huitwa onsen yakiwa na joto la digrii 25 au zaidi pale yanapotoka, au, hata yakiwa baridi, yakiwa na kiasi kilichowekwa cha kimojawapo cha vitu 19 vilivyotajwa. Basi jina hilo peke yake halimwambii mgeni mengi. Maji ya Kusatsu yana ukali wa asidi. Mji wa Beppu, katika kisiwa cha Kyushu, una chemchemi nyingi ajabu. Tena ziko nyumba ambamo maji hutiririka kutoka chemchemi hata hodhini na kumwagika nje, na ziko ambamo maji huchujwa na kurudishwa tena. Mwenye kupendelea mojawapo, na aulize mapema.

Pili tuliuliza bei. Hapa mgeni hukosea hesabu, hata akiwa mwalimu wa hesabu kama sisi. Nyumba nyingi za namna hii huhesabu bei kwa kila mtu, wala si kwa chumba, na mara nyingi ndani yake mna chakula cha jioni na cha asubuhi. Kwa hiyo bei ionekanayo kubwa huenda isiwe kubwa, na ile ionekanayo ndogo huenda haina chakula. Zaidi ya hayo iko kodi ya kuoga, ambayo kwa kawaida ni yen 150 kwa mtu mmoja kwa siku. Chakula cha jioni nacho kina saa yake, na mgeni achelewaye huenda akalala na njaa. Wala mtu asivutwe na umri wa nyumba peke yake. Nyumba iitwayo Nishiyama Onsen Keiunkan, katika mkoa wa Yamanashi, yasemwa ilianzishwa mwaka 705. Ni sifa kubwa, lakini sifa ya nyumba haiongezi fedha mfukoni mwa mwalimu.

Baada ya kupima hayo yote, tulichagua nyumba moja kubwa upande wa Hakone, kwa kuwa si mbali na Tokyo. Tukamwendea mzee wetu kwa furaha kumpa habari. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, nenda wewe. Mimi nitabaki hapa, nitasoma." Tukastaajabu. Ndipo alipofungua vifungo vya shati, tukaona nembo za Kimakonde zimejaa kifuani, mistari iliyochanjwa na kutiwa masizi utotoni mwake. Akasema, "Nimesoma masharti yao. Mtu mwenye michoro ya ngozi haingii."

Sisi tuliyaona masharti yale pia, tukayapita, maana hayakutuhusu. Hilo ndilo kosa la kwanza. La pili lilikuwa baya zaidi. Tulikwenda dukani tukanunua vibandiko vya kufunikia michoro, tukamletea, tukisema, "Mzee, zifiche kwa hivi, tuondoke." Akavitazama kwa muda. Vilikuwa vidogo, na rangi yake ilikuwa ya ngozi, lakini si ya ngozi yetu. Akajibu polepole, "Nembo hizi nilitiwa nikiwa mtoto, na mama yangu alipoziona alipiga vigelegele. Leo nizifiche kwa ajili ya kuoga?"

Hatukuwa na neno. Sisi tulilelewa katika shule za misheni, na tangu utoto tuliwasikia wakubwa wakizisema nembo kuwa ni mambo ya giza. Tulidhani tumekwisha kuyaacha mawazo hayo. Kumbe yalikuwa yangali ndani yetu, na vile vibandiko mkononi vilikuwa ushahidi.

Usiku ule tulitafuta sababu ya katazo lile, nayo yafaa kuelezwa, ili tusiwahukumu wenyeji bure. Katika mwaka 1872 serikali ya Japani ilikataza kuchora ngozi, na katazo hilo lilidumu hata mwaka 1948. Tena michoro mikubwa ya mwili huwakumbusha watu magenge ya wahalifu yaitwayo yakuza, na wenye nyumba hawataki wageni wao waingiwe na hofu. Lakini katazo lililowekwa kwa ajili ya mhalifu huweza kumpata asiyekuwamo. Mwaka 2013 mama mmoja wa Kimaori kutoka New Zealand, mwenye nembo za kabila lake usoni, alikataliwa kuingia katika nyumba moja ya kuogea kisiwani Hokkaido. Mwaka 2015 idara ya utalii ya serikali iliwauliza wenye nyumba za wageni; katika waliojibu, 56 katika kila 100 walisema hukataza, 31 huruhusu, na 13 huruhusu kwa sharti, kama vile kufunika. Tulipoona hesabu hiyo tulifarijika, maana swali halikuwa tena jinsi ya kumficha mzee wetu, bali ni wapi atakapopokewa jinsi alivyo.

Ndipo tulipopata habari za Kinosaki, mji mdogo upande wa bahari ya Japani, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa treni kutoka Kyoto. Mji huo una nyumba saba za kuogea za watu wote, nazo hazikatazi nembo. Wenyeji husema kwamba mji mzima ni nyumba moja ya wageni: kituo cha treni ndicho mlango, njia ndizo ukumbi, nyumba za kulala ndizo vyumba, na nyumba zile saba ndizo bafu. Tuliandika barua kwa mwenye nyumba moja ndogo, tukamweleza wazi habari za nembo. Akajibu kwa adabu kwamba tunakaribishwa, na kwamba nyumbani mwake mna hodhi ndogo ambayo mgeni aweza kuifunga kwa ndani, kama akipenda. Tukaghairi Hakone.

Mlangoni tulivua viatu. Chumba kilitandikwa mikeka minene ya nyasi, isiyokanyagwa hata kwa ndara. Tulipewa yukata, ndilo joho jepesi la pamba, tukaonyeshwa kulifunga upande wa kushoto juu ya wa kulia, maana kinyume chake huvikwa maiti. Tukapewa na mitalawanda, tukatoka njiani kando ya mto, chini ya miti iliyoinamia maji, pamoja na wageni wengine wamevaa vivyo hivyo, mitalawanda ikilia katika madaraja ya mawe. Mji huo uliharibiwa na tetemeko na moto mwaka 1925, ukajengwa upya. Kabla ya hapo, mwaka 1913, mwandishi Shiga Naoya alikuja kuuguza majeraha yake baada ya kugongwa na treni, akaandika habari za kukaa kwake.

Penye mlango wa bafu ni sisi tulioshikwa na haya. Ndani huingia mtu uchi, na kwetu kijana haogi pamoja na mtu wa rika la baba yake. Mzee wetu alituona tukisitasita, akasema, "Ukienda kwa watu, shika desturi yao. Wewe tazama ukuta." Akatangulia. Akakaa juu ya kigoda, akajisugua kwa sabuni na kujisuuza mpaka akatakata, kama sharti lilivyo, ndipo akashuka majini, kitambaa chake kidogo amekiweka kichwani kisiguse maji. Tukamfuata.

Mlikuwamo mzee wa Kijapani. Alizitazama nembo kwa muda, nasi mioyo ikatudunda. Kisha akajiinua kidogo, akaonyesha kovu refu la upasuaji tumboni mwake, akalipigapiga kwa kidole. Wazee wote wawili wakacheka, wala hapana aliyejua lugha ya mwenziwe. Akajisogeza, akampa mzee wetu mahali pazuri zaidi. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Siku ile tuliona mgeni akipona.

Tulikaa usiku mbili, na siku ya tatu tukaondoka kabla hatujapewa jembe. Ile hodhi ya kufungwa kwa ndani hatukuitumia.

Basi, ndugu walimu, atakayekwenda huko na aulize habari za maji, bei, chakula na njia. Hayo yote yafaa. Lakini kabla ya hayo na amwulize kwanza mwenzake wa safari, "Je, wewe utaingia?" Vile vibandiko tungali navyo katika sanduku letu. Hatujavitupa, maana yako madarasani mwetu masharti mengi ambayo sisi huyapita kwa kuwa hayatuhusu, na mtoto fulani husema kimya kimya, "Nendeni ninyi, mimi nitabaki."