Kampala: Gari Lisemalo Kijapani na Kanda za Nyumbani

Asubuhi, magari yateremkapo Naguru na kukwama katika foleni ya Barabara ya Jinja, mji wa Kampala husikika kila upande. Taksi moja hutoa habari kwa Kiganda, ya pili mahubiri, ya tatu nyimbo za vijana. Mtu aliyefungiwa humo kwa saa nzima hana burudani nyingine ila sauti.

Katikati ya msururu huo yamo magari madogo ya familia, ambayo mengi yalitumika kwanza nchini Japani. Nchi hiyo, kama Uganda, huendesha kushoto, nao usukani uko kulia. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda imekataza kuingizwa kwa magari yaliyopita umri wa miaka 15. Kwa hiyo, yanayofika siku hizi aghalabu yana kioo cha picha mahali palipokuwa na tundu la kanda.

Ufunguo ukizungushwa, sauti ya mwanamke husema kwa Kijapani. Mtoto aliye kiti cha nyuma huweza kuidhani salamu. Kumbe inasema kwamba kadi ya kulipia barabara za Japani haijaingizwa!

Redio nayo ina mambo yake. Huko Japani, masafa ya FM yalikuwa megahezi 76 hadi 90, kwa kuwa yaliyo juu yake yalitumiwa na televisheni. Uganda hutumia 88 hadi 108. Basi dereva wa Kampala huipata Sanyu kwenye 88.2 na CBS kwenye 88.8, lakini Capital kwenye 91.3 na Simba kwenye 97.3 huwa nje ya uwezo wa redio nyingi za magari hayo. Mafundi hufunga kijisanduku kati ya eriali na redio, nacho huyashusha mawimbi. Kikishusha kwa megahezi 20, Simba husikika kwenye 77.3. Dawa hiyo hufaa, ingawa yapo masafa yasiyoangukia mahali panapofikika.

Ndipo wengi huukumbuka muziki wao wenyewe. Katika nyumba nyingi za askari limo sanduku la kanda chini ya kitanda: Afrigo Band, iliyoundwa mwaka 1975, Philly Lutaaya, aliyefariki mwaka 1989, na Paul Kafeero, aliyefariki mwaka 2007, bingwa wa kadongo kamu, yaani gitaa moja dogo, ambaye nyimbo zake ndefu ni hadithi kamili. Sanduku hilo lilihama na mwenyewe kutoka kambi hata kambi.

Humo pia huwamo kanda isiyouzwa dukani: ya harusi, ya matanga, au ya bibi akiwasimulia wajukuu. Nyimbo za Lutaaya zitapatikana tena kwingine, lakini sauti ya bibi haina nakala. Unyevu wa mji ulio karibu na Ziwa Viktoria huleta ukungu, utepe hunata, na siku moja mashine huutafuna.

Kwa hiyo, kazi ianze na kanda hiyo. Kwanza, vivunjwe vile vipande viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwake, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kisha ichezwe katika mashine iliyosafishwa kichwa, huku waya ukiipeleka sauti kwenye kompyuta. Kanda ya dakika 60 huchukua saa nzima kunakiliwa. Hapana njia ya mkato. Ikihifadhiwa kwa mtindo wa MP3 wa kawaida, huchukua takriban megabaiti 60, na flashi ya gigabaiti 8 hubeba zaidi ya kanda mia moja.

Flashi iandaliwe kwa mfumo wa FAT32, kwani redio nyingi za magari haziisomi mingine. Gari lisilo na tundu la flashi huweza kutumia kirushio kidogo kinachochomekwa mahali pa kiberiti. Nacho kitegwe kwenye masafa ambayo redio ya Kijapani huyashika na ambayo hayana kituo, la sivyo kitapiga kelele tupu. Aidha, fundi asiondoe betri bila kuulizwa: baadhi ya redio hizo hujifunga na kudai namba ya siri.

Nyimbo zichaguliwe gari likiwa limesimama. Kioo chenye maandishi ya Kijapani humnyang'anya dereva macho, na boda boda haikawii kupita ubavuni.

Mwisho, kila faili ipewe jina, mwaka na msemaji, nayo nakala ya pili ibaki nyumbani, kwa maana flashi hupotea upesi kuliko sanduku. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.