Jarida la Kufungia Njugu

Kompyuta niliijua kupitia kaseti, tena kabla sijaigusa. Nikisema hivyo watu hudhani natania, ndiyo maana nautoa ushuhuda huu.

Mwaka 1999 nilikuwa kijana wa kutengeneza redio, zikiwemo za kaseti, nyumbani kwetu Bulumbi, Uganda. Umeme ulikuwa haujatufikia. Betri ya gari tuliifunga nyuma ya baiskeli tukaipeleka Busia, mji wa mpakani na Kenya, kuchajiwa. Ufundi wangu ulikuwa wa kubahatisha. Redio ikinyamaza nang'oa kipuri hiki, napachika kingine cha redio mbovu, nagonga kidogo, nasikiliza. Ikilia, namshukuru Mungu. Isipolia, namwambia mwenyewe imekufa, pole sana mzee.

Ndipo mjomba, aliyekuwa tarishi wa ofisi moja Nairobi, akaja likizo na katoni ya majarida yaliyokuwa yanatupwa. "Ni ya mama yako hayo, mpwa wangu, afungie njugu." Nilimwomba mama aniachie yale yenye michoro ya saketi. Alikubali shingo upande, maana karatasi ilikuwa nzuri, haipitishi mafuta upesi.

Jarida lilikuwa BYTE, la Marekani. Lilianza Septemba 1975 katika mji mdogo wa Peterborough, New Hampshire, likiwaandikia watu waliokuwa wakijiundia kompyuta zao nyumbani kwa risasi na pasi ya kuchomea. Mwaka 1979 likanunuliwa na kampuni ya McGraw-Hill, likanenepa kwa matangazo. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilinifikisha nusu ya njia. Nusu iliyobaki nilikwenda na michoro.

Makala iliyonigeuza ilihusu kaseti. Novemba 1975 jarida hilo liliwakutanisha watengenezaji wa kompyuta mjini Kansas City, wakubaliane namna moja ya kuhifadhi programu kwenye kaseti ya kawaida, ileile tunayochezea muziki. Walichoafikiana kilikuwa chepesi ajabu. Sifuri ni mitetemo minne ya sauti ya 1,200 kwa sekunde; moja ni mitetemo minane ya 2,400. Basi. Ukicheza kaseti hiyo unasikia mlio kama wa nzige, na ndani ya mlio mna barua, hesabu, mchezo. Kasi yake ilikuwa biti 300, yaani sifuri au moja 300, kwa sekunde, na kwa kuwa kila herufi ilikula biti 11, zilipita herufi 27 hivi kila sekunde. Programu ndefu ingeweza kumchosha mtu akingoja, lakini ilifanya kazi.

Na kwa nini mitetemo mingi hivyo kwa tarakimu moja? Kwa sababu mashine za kaseti za bei rahisi huyumba kasi. Hapo nilicheka peke yangu. Belti iliyolegea, mota inayovuta kwa kuchoka, hedi yenye uchafu: hiyo ndiyo ilikuwa riziki yangu ya kila siku, na kumbe wataalamu wa Marekani waliketi kikao kizima kwa ajili yake! Tangu siku hiyo kompyuta ikaacha kuwa uchawi kwangu. Ilikuwa fundi mwenzangu anayehesabu milio.

Niliacha kugonga redio. Nilianza kuchora kwanza: umeme unaingia wapi, unapita wapi, unakwamia wapi. Programu za lugha ya BASIC zilizochapwa humo niliziendesha kwenye daftari, kwa kuwa mashine sikuwa nayo. Safu moja ya A, safu moja ya B, nafuata mstari kwa mstari, nafuta thamani ya zamani naandika mpya. Mama akipita husema, "Huyu anafanya mtihani gani usioisha?"

Jalada moja, la Aprili 1981, lilichorwa na Robert Tinney: saa ya mkononi ambayo ndani yake ni kompyuta, ina kibodi ya vitufe vidogo na mahali pa kutia diski. Leo saa za namna hiyo, ingawa hazina diski, zinauzwa kwenye meza za barabarani pale mpakani.

Baada ya miaka kadhaa, kwenye kibanda cha intaneti mjini Busia, ndipo nilipojua kwamba BYTE lilikufa kabla sijalifahamu. Mwaka 1998 lilinunuliwa na kampuni ya CMP, na toleo la Julai likawa la mwisho. Wengi husema intaneti ndiyo iliyoyaua majarida ya namna hiyo. Mimi naona lilikuwa limeanza kupotea mapema zaidi, lilipowaacha wenye pasi za kuchomea na kuwafuata wakuu wa ofisi wanaotafuta cha kununua. Steve Ciarcia, aliyekuwa akiwaonyesha wasomaji jinsi ya kuunda vifaa kwa mikono yao, aliondoka na mwaka 1988 akaanzisha jarida lake mwenyewe.

Siku hizi natengeneza simu mjini, na vijana huja kujifunza kwangu. Sharti langu ni moja: hufungui simu kabla hujanichorea njia ya umeme. Wengine hunikimbia, wakaenda kwa mafundi wanaofuata video na kubadilisha kipuri hadi simu iwake. Sina ugomvi nao. Wateja wao hawangoji, wangu hunung'unika. Ila zile zinazowashinda huniletea jioni, wateja wakishaondoka, na hunisihi nisiseme zimetoka kwa nani.