Diski ya Kwanza Haikufika Ipililo

Wapenzi wa tenzi hawahitaji kuelezwa shujaa ni nani. Wamekwisha kumwona Fumo Liyongo gerezani, akiletewa tupa ndani ya mkate wa wishwa, akikereza pingu zake huku gungu likirindima nje. Kwa hiyo hawatashangaa nikisema kwamba Wachina nao wana mashujaa wao, wenye upanga na mashairi pamoja, na kwamba Jin Yong, aliyefariki Hong Kong mwaka 2018, alianza kuwaandikia magazetini, kipande kwa kipande, mwaka 1955. Riwaya yake ya mashujaa wa tai ilitoka kati ya 1957 na 1959. Shaw Brothers waliifanya filamu mwaka 1977, TVB wakaifanya tamthilia mwaka 1983, na China Bara ikaonyesha tamthilia yake mwaka 2003.

Hii ya mwisho ndiyo niliyoionea Ipililo, wilayani Maswa, katika mkoa ambao tangu 2012 huitwa Simiyu na makao yake makuu yako Bariadi. Ulikuwa msimu wa pamba wa 2006. Nilikuwa karani wa mizani; mizani ya pamba, si ya mashairi, ingawa hii ya pili nilikuwa nikijifunza usiku kwa vitabu vya kuazima, maana masomo yangu yalikoma darasa la saba. Palikuwa na banda la video la mabati, jenereta nyuma, deki na televisheni mbele. Diski zilikuwa za kunakiliwa, zenye maandishi ya Kiingereza kilichovunjika, na ile ya kwanza haikuwamo. Tulimkuta Guo Jing amekwisha kukua, mchungaji wa mifugo katika nyika za Mongolia, mzito wa kufahamu, ana walimu saba wa kupigana, na hakuna ajuaye wametoka wapi.

Kando ya televisheni aliketi kijana mwenye kipaza sauti. Kichina hakujua hata neno, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Alitazama, akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Jamani, hawa saba ni Bagika. Yule mtawa mwenye upanga ni Bagalu. Kila upande umechukua mtoto wake umfundishe. Watakutana baada ya miaka kumi na minane, tuone dawa ya nani ni kali!”

Msomaji wa visiwani pengine aelezwe. Bagika na Bagalu ni pande mbili za ngoma za Wasukuma, zilizotokana na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno hucheza siku moja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wamwache mwenzake. Kila upande una ningi wake, mtunzi na mwimbaji, na uhasama wa tungo zao wakati mwingine hupita ule wa Mombasa na Lamu. Basi banda zima lilielewa papo hapo. Bibi mmoja wa Bagalu aliondoka kwenye benchi la wapinzani akaenda kukaa chini, na tangu usiku ule hakumpa Guo Jing hata makofi mawili.

Mwalimu mmoja aliyekuwa akipita hapo alisema kijana yule anawadanganya watu. Maneno hayo yalinikaa moyoni, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kujaribu kufasiri, na nilitaka kujua mpaka wa udanganyifu uko wapi.

Mwaka 2018 riwaya hiyo ilianza kutoka kwa Kiingereza, tafsiri ya Anna Holmwood, nami nikaitafuta mpaka nikaipata. Shindano limo. Walimu saba wa Jiangnan na mtawa wa Kitao wanawekeana ahadi juu ya watoto wawili walio bado tumboni, kila upande umlee na kumfundisha wake, na baada ya miaka kumi na minane wapambane mjini Jiaxing. Dawa haimo, mengine yote yamo.

Lakini kilichonisimamisha ni ukurasa wa mwanzo. Katika toleo alilolisahihisha Jin Yong mwenyewe, kitabu kinaanza na msimulizi wa hadithi. Yuko kijijini, wanakijiji wamemzunguka, anagonga vibao vyake, anaghani ubeti, ndipo anaingia katika kisa. Kioo hakimhitaji mtu huyu, kwa kuwa kinaonyesha chenyewe. Watu hulalamika kwamba filamu hupunguza vitabu, nami naona mapigano hayapunguzwi, bali huzidishwa. Kinachopungua ni sauti ya anayesimulia, na mashairi. Katika riwaya yake ya mwisho, ya 1969 hadi 1972, vichwa vya sura vimetolewa katika mashairi ya babu yake wa kale, Zha Shenxing. Nani ataviona hivyo kwenye televisheni?

Wasimulizi wa mabanda walikuwako kwingi: Lufufu wa Dar es Salaam, DJ Afro wa Kenya, na wenzao wa Uganda. Baadaye zikaja tamthilia za Kichina zenye Kiswahili cha studio. Ile ya Doudou na mama wakwe zake ilionyeshwa TBC mwaka 2011, na mwaka 2016 StarTimes walianza mashindano ya kutafuta sauti, washindi wakapelekwa Beijing. Ni kazi safi, nami siidharau. Ila kila sauti humsemea mhusika wake tu. Hakuna anayetugeukia sisi akatuambia, jamani.

Nami sasa naifasiri sura ya kwanza, kwa mazoezi tu, maana haki ya kuichapisha sina. Ulimwengu wa mashujaa hao Wachina huuita kwa maneno mawili, mito na maziwa. Jaribu kuliandika hilo kwa Kiswahili, msomaji akadhani habari ni ya kitandani na ya kikombe! Kijana wa Ipililo alisema “dunia ya wababe” akaendelea.

Ubeti wa msimulizi ndio unaonichelewesha. Ni mishororo minne, kila mmoja silabi saba za Kichina. Ubeti wetu wa utenzi ni minne pia, kila mmoja mizani nane. Imepungua mizani moja katika kila mshororo, na hiyo lazima itoke kwangu. Nimejaza mitatu. Wa nne bado.