Kupanga upya hifadhidata bila kufunga duka

Nimekuwa kimya kwa muda, lakini leo nina kisa, na sehemu yake ni kuungama.

Mimi huandika programu nyumbani, Nyayo Highrise, karibu kabisa na Kibera. Mteja wangu mmoja ana maduka matatu ya dawa, na lile la Kawangware halifungwi usiku wala mchana. Yote yanategemea seva moja yenye PostgreSQL.

PostgreSQL ni kama daftari la madeni. Ukibadilisha rekodi haifuti ile ya zamani. Inaandika mpya na kuiacha kuukuu mahali pake. Kuna mfagiaji wa ndani anayeweka alama kwamba nafasi hizo zitumike tena, lakini kwa kawaida faili lenyewe halipungui. Mfagiaji akichelewa, faili linavimba. Jedwali letu la mauzo lilifika GB 11, ilhali data hai haikuzidi GB 4. Kutafuta risiti ya jana kulikuwa kama kungoja matatu siku ya mvua.

Tatizo hilo lilipotokea mara ya kwanza, mwaka jana, niliandika VACUUM FULL, Jumamosi saa nne asubuhi. Amri hiyo huliandika jedwali upya likiwa dogo, ni kweli, lakini hulifunga mpaka imalize. Hata kusoma hakuna. Kwa dakika 25 maduka yote yaliganda. Keshia wa Kawangware, mama wa makamo, akauza kwa karatasi huku foleni ikimfokea. Jioni hesabu ikapungua shilingi 2,300, naye akakatwa mshahara. Tajiri aliponiuliza nilijibu, "Mtandao ulisumbua." Nikanyamaza.

Safari hii nimetumia pg_repack, programu huria. Inafanya hivi: inatengeneza jedwali jipya kando, inanakili data humo, na inajenga faharasa zake. Wakati huo watu wanaendelea kuuza, na kila badiliko linaandikwa pia kwenye daftari la pembeni. Nakala ikikamilika, mabadiliko hayo yanaingizwa, kisha majedwali yanabadilishana nafasi. Kufuli kamili huwekwa kwa muda mfupi tu, mwanzoni na mwishoni.

Ukitaka kujaribu, angalia mambo matatu. Jedwali liwe na ufunguo mkuu, au faharasa ya kipekee isiyoruhusu nafasi tupu. Diski iwe na nafasi ya kutosha nakala ya pili pamoja na faharasa zake. Na ujue kwamba ikingoja kufuli zaidi ya sekunde 60, huanza kukatiza kazi za watumiaji wengine; mimi niliweka --no-kill-backend ili iache yenyewe badala ya kumkatiza keshia.

Nilianza saa tisa usiku. Aliyekuwa zamu Kawangware ni mama yuleyule. Nikampigia.

"Mama, mashine inafanya kazi?"

"Inafanya, kijana yangu. Kwani umeifanya nini?"

Hapo ndipo nilipomweleza yote, na ya mwaka jana. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi kamwambie tajiri hivyo hivyo." Akakata simu, alikuwa na mteja.

Dakika 40 baadaye jedwali lilikuwa GB 4 na ushee, na hakuna risiti iliyokwama. Asubuhi nikapanda matatu hadi 46, nikamwambia tajiri. Mama alirudishiwa shilingi zake 2,300, nazo zikatolewa kwenye malipo yangu. Ni haki.

Jambo la mwisho: kwa kawaida mfagiaji hungoja takribani asilimia 20 ya jedwali iwe takataka. Kwa jedwali hili nimemshusha hadi asilimia 2, lisivimbe tena.

Wewe unayesimamia seva ya watu, kabla ya kubonyeza, jiulize nani yuko upande wa pili. Tuonane tena.