Sakafu ya Uani

Fundi kijana aliyekuja mwezi uliopita kutusakifia chumba tulichokiongeza uani, hapa Mji wa Kale, Mombasa, alipoulizwa pima maji yake i wapi alicheka kwa adabu, akasema, "Babu, si mtaweka vigae? Vitafunika kila kitu." Sikumjibu, maana jibu lenyewe lilikuwa refu.

Nyumba tuliyolelewa ilikuwa na orofa iliyosakifiwa kwa desturi ya kale, yaani boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, mawe ya matumbawe juu yake, kisha chokaa na kokoto zilizopigwa kwa vipande vya mti na watu waliokaa safu, wakiimba, mpaka ikashupaa. Insafu yataka nikiri kwamba sakafu ile, pamoja na ulaini wake uliopendeza wayo, sawasawa haikuwa, kwani boriti hulegea katikati kadiri miaka ipitavyo, na gololi tuliyoiacha mlangoni ilibingirika yenyewe hadi katikati ya chumba.

Baba alipoongeza jiko uani, akachagua saruji. Kiwanda cha Bamburi kilianza kuitoa mwaka 1954, nami nilikuwa bado chuoni; basi ni mwaka ule au uliofuata, haidhuru. Nikumbukalo hasa ni duka la Bohora tuliyetumwa kwake kununua rangi nyekundu ya unga, mtu mpole mwenye miwani, ambaye aliipima kwa ratli, akaifunga katika gazeti la Kigujarati, na kila mara akatuonya tusiiguse, ilhali vidole vyake mwenyewe vilikuwa vyekundu hadi kwenye kucha. Duka zima lilinuka tapentaini, kamba mpya na misumari, na hata leo nikisikia harufu ya tapentaini humwona yeye kabla ya kitu kingine chochote.

Fundi wa baba alikuwa mtu wa ajizi kwa kila jambo isipokuwa kazi. Mchanga wa pwani aliukataa katakata, kwa kuwa chumvi yake huvuta unyevu hata sakafu ikatoka jasho. Rojo aliitaka nzito, akisema maji mengi humpendeza mvivu, kisha huacha uso wa unga usiokwisha kufagiwa. Kabla ya kumwaga chochote alivuta nyuzi kutoka ukuta hadi ukuta, akaweka vijidonge vya rojo huku na huku, akavisawazisha kwa pima maji iliyolazwa juu ya ubao mrefu, ndipo akajaza baina yake na kukokota ule ubao, akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Palipokutana jiko na nyumba ya kale aliacha mwanya mwembamba, akautia lami, kwani msingi mpya huzama peke yake, na sakafu iliyoshikanishwa hupasuka papo hapo. Kisha akakaa. Baba alimhimiza, naye asiinuke, mpaka maji yaliyopanda juu yalipotoweka. Ndipo akapiga niru nyekundu kwa mwiko wa chuma, kwa mkono mwepesi, hata ikang'aa. Juma zima tulinyweshea magunia yaliyolazwa juu yake, maana jua la kaskazi hukausha saruji kabla haijapata nguvu, na mama akapikia nje akinung'unika.

Miaka iliyofuata ilileta kapeti za plastiki, kisha zulia, kisha vigae, na kila kifuniko kilimwondolea fundi sababu moja ya kuwa hodari. Vigae vyenyewe sivichukii. Lakini kigae kikilazwa juu ya bonde, chini yake hubaki uwazi, na siku moja mguu wa kabati hukivunja.

Kijana wetu amemaliza kumwaga. Pembe ya mashariki imezama, maji hutuama pale, naye ametaka mfuko mwingine wa saruji apainue. Nimemwambia nitalipa, kwa sharti kwamba anyweshee siku saba. Akakuna kichwa, akasema Alhamisi ana kazi Mtwapa.