Jina la Babu katika Duka la Renton

Ukitua Seattle, Marekani, mwezi wa Novemba, jambo la kwanza litakalokulaki ni mvua. Si mvua yetu ya masika inayopiga mabati kwa kishindo, bali manyunyu ya kutwa yasiyo na haraka. Mwendo mfupi kutoka uwanja wa ndege uko mji wa Renton, kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Washington. Ni mji wa wafanyakazi. Boeing huunda hapa ndege za 737, na hapa ndipo alipozikwa mpiga gitaa Jimi Hendrix. Walakini mimi sikwenda kutazama ndege wala kaburi. Nilikwenda kucheza karata.

Si karata hizi zetu za kopa na shupaza. Mchezo wenyewe huitwa Magic: The Gathering. Ulibuniwa na mwanahisabati Richard Garfield, ukatolewa mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast, ambayo makao yake yamekuwa Renton kwa miaka mingi. Kila mchezaji huja na seti yake mwenyewe ya karata zisizopungua 60. Huanza na pointi 20 za uhai na karata 7 mkononi. Karata za ardhi humpa nguvu, na kwa nguvu hiyo huita askari, wanyama na uchawi wa kuumaliza uhai wa mwenzake. Karata ya kiumbe aliyekufa huwekwa kando, mahali ambapo wachezaji hupaita makaburini.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alifika huku kimasomo mwaka 1996. Oktoba ya mwaka huo kulitoka karata zilizoitwa Mirage, ambazo hadithi yake hupita katika Jamuraa, nchi ya kubuni iliyoazima sura ya Afrika. Kaka alikuwa akijikinga mvua dukani alipoona karata moja yenye jina Zuberi. Ndilo jina la babu yetu. Siku ile alilala na njaa, lakini karata aliinunua. Mwaka uliofuata babu alifariki, na kaka hakuwa na nauli ya kuja kumzika.

Usiku alizitoa katika kopo la biskuti, akanifundisha kucheza. Tulicheka sana. Kulikuwa na kiumbe mwenye mbawa za tai na mwili wa simba, aitwaye Ekundu Griffin. Ekundu nini? Twajua nguo nyekundu, jicho jekundu na mtu mwekundu. Ekundu pekee ni kama mtu aliyetoka nyumbani bila shati. Mwingine aliitwa Mtenda, na karata haikusema ni mtenda wema au mtenda maovu! Askari tu ndiye aliyeandikwa kama tumjuavyo.

Kesho yake tulikwenda dukani. Mgongo wa karata hizi haujabadilishwa tangu 1993, hivyo za kale huchangwa pamoja na za leo, ingawa yapo mashindano yasiyoruhusu za kale. Kijana mmoja alikubali kunipima.

Nilimtuma Askari. Kijana akamzuia kwa kiumbe wake mdogo, naye akafa kabla ya kupiga, kwa kuwa Askari huyu humpunguzia nguvu na uhai amzuiaye asiye na uwezo kama huo. Kijana aliishika karata, akaisoma mara mbili, akaniuliza jina hilo hutamkwaje. Nikamtamkia. Kisha nikamtoa Zuberi, ambaye griffin wenzake wote huongezeka nguvu awapo mezani. Kwa zamu moja nilijiona mshindi.

Zamu iliyofuata kijana aliweka karata moja tu, na Zuberi akafa.

"Huyo Zuberi ni nani hasa?" aliuliza.

"Babu yangu," kaka alijibu. Kijana akacheka, kisha akamtazama usoni, akanyamaza.

Nilinyoosha mkono kuiondoa karata ile. Kaka akanizuia.

"Niachie mimi, mdogo wangu."

Akaichukua kwa mikono miwili, akaifuta kwa upindo wa shati, akaiweka makaburini mwenyewe. Nilishindwa zamu mbili baadaye. Tulipotoka, manyunyu yalikuwa yangali yakianguka, na kaka alikuwa amelificha kopo ndani ya koti.