Siku Hizi Natazama Majani

Nashuhudia jambo lililobadilisha kibanja changu cha migomba hapa Nkwenda, Kagera, na namna ninavyouelewa ukame.

Kwa miaka mingi kiangazi kwangu kilikuwa kipindi cha kungoja. Masika yakikatika, Juni hadi Agosti macho yalikuwa juu, mpaka mawingu ya vuli yajikusanye. Saa sita mchana majani ya migomba hujikunja pande mbili na kuning'inia kwenye uti wake. Tulisema mgomba umechoka. Mama mkwe wangu, aliyenikabidhi kibanja, naye alisema hivyo hivyo.

Aliyenifungua macho ni mtoto wa mdogo wangu, aliyesomea kilimo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Tulipita kibanjani Julai, nikamwonyesha mgomba mmoja. "Huu haujachoka, mama mkubwa," akaniambia. "Uko kazini."

Akanieleza kwamba mizizi ya mgomba haiendi mbali. Mingi iko kwenye sentimita 40 za juu. Udongo huo ukikauka, mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki. Homoni hiyo hufika kwenye seli linzi, zile zinazokaa mbili mbili kwenye kila kitundu cha jani, na kuzifanya zitoe potasiamu. Potasiamu ikitoka, maji huifuata. Seli hunywea, kitundu hufungwa, mvuke hautoki tena. Lakini kaboni dioksidi nayo haiingii, kwa hiyo mgomba unakosa malighafi ya chakula, huku jua likiendelea kulipiga jani na kuzalisha oksijeni kali inayounguza seli. Ndiyo maana jani hujikunja, lipigwe na jua kidogo. Ndani yake hutengenezwa vimeng'enya vya kuizima oksijeni hiyo, na hurundikwa sukari na asidi amino iitwayo prolini, ambavyo husaidia seli kushikilia maji. Kumbe zile ndizi nyembamba tunazovuna Septemba ndiyo bei uliyolipa mgomba ili ubaki hai!

Watafiti waliofanya kazi Uganda, kwenye ndizi za nyanda za juu kama zetu, walichapisha mwaka 2011 kwamba kila mvua inapopungua milimita 100, mkungu hupoteza hadi kilo 1.5 au hata 3.1. Mwaka 2013 Godfrey Taulya akaonyesha kwamba kukosa potasiamu huidhuru migomba hii kuliko hata ukame. Hilo ndilo lililonigeuza. Mvua siiwezi, potasiamu naiweza.

Ndizi ina potasiamu nyingi, na kila lori la mikungu linaloondoka hapa linaichukua kutoka ardhini mwetu. Hairudi. Jambo hili linaniuma, maana vibanja vya Kagera vilijengwa kwa vizazi, samadi ya ng'ombe na nyasi za rweya, yaani uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja, zikiingizwa humo mwaka hadi mwaka. Leo ng'ombe wamepungua, na nyasi tunanunua.

Sasa kiangazi nakiandaa Aprili, mvua ikiwa bado inanyesha. Maganda ya ndizi za nyumbani, majivu ya jikoni, samadi, na mashina ya migomba isiyo na ugonjwa yakishapasuliwa, vyote vinarudi kibanjani. Matandazo nayaweka udongo ukiwa umelowa. Machipukizi nayapunguza, shina libaki na mama, mtoto na mjukuu, kwa kuwa kila jani la ziada linakunywa. Majani bado hujikunja, na ningeogopa kama yasingejikunja. Ila upande wenye matandazo mazito huchelewa kufikia hapo, na mikungu yake inajaa.

Upande wa kibanja ulio mteremkoni bado sijaufikia, maana majivu ya jiko moja hayatoshi. Maganda ya ndizi za watu sichukui, kwa kuogopa ugonjwa wa mnyauko wa migomba. Nimeyageukia maganda ya kahawa kwenye mashine ya kukoboa, nayo yana potasiamu nyingi. Magunia yangu matupu yako pale tayari, yakisubiri msimu wa kahawa uanze.